Natunga mimi, wanaimba wengine: nimefanikiwa au bado?

Swali: Nina miaka 33, naishi Morogoro na nauza kwenye duka la dawa. Natunga nyimbo tangu nikiwa sekondari. Nyimbo zangu tatu zinaimbwa na kwaya za parokia kadhaa. Wimbo mwingine wa mapenzi nilimwandikia kijana wa hapa mjini, ukapigwa sana redio za mkoani. Mimi nililipwa shilingi 50,000 na jina langu halikutajwa popote. Siimbi jukwaani wala sipendi. Ndugu zangu wananiambia ningekuwa najua kweli, ningekuwa nimeshatoka. Sasa kuna prodyuza anataka nimwandikie nyimbo kumi, alipe kwa mkupuo. Nijipime kwa kitu gani? Nitajuaje kama nimefanikiwa au napoteza muda?

Jibu: Dada yangu, nianze na ndugu zako, maana naona maneno yao ndiyo yaliyokukaa rohoni. Kutoka ni kipimo cha mwimbaji. Mwimbaji ametoka pale sura yake inapojulikana, anapoitwa kwenye shoo, watangazaji wanapomtafuta. Wewe mwenyewe umesema jukwaa hulitaki. Ukijipima kwa kutoka utajiona umeshindwa hata siku ambayo nchi nzima inaimba maneno yako. Mimi nafundisha utunzi na nimekaa studio na watunzi wengi, na nakwambia bila kusita: kazi ya mtunzi imefanikiwa wimbo wake unapoweza kuishi mdomoni mwa mtu mwingine, yeye akiwa hayupo. Kwa kipimo hicho wewe unavyo vitu vinne mkononi tayari. Tatizo lako liko kwenye jina na kwenye malipo, na hayo tutayafikia.

Kwanza tuelewe kwa nini watu wanachanganya. Mji wako ni mfano mzuri. Morogoro ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano. Salum alifariki mwaka 1965, Mbaraka akafariki 1979, na mpaka leo nyimbo zao zinapigwa. Hawa walikuwa watunzi, waimbaji na viongozi wa bendi kwa wakati mmoja, na Mbaraka gitaa la solo alilipiga mwenyewe. Kwa hiyo mzee wa Morogoro ukimwambia "mtunzi" anamwona mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni. Bongo fleva imeendeleza mazoea hayo na kuyatia makali: msanii anatarajiwa awe ameandika mwenyewe, na akiandikiwa anaona ni aibu, basi anaficha. Ndiyo maana jina lako halikutajwa. Sidhani kijana yule ana roho mbaya. Amekulia kwenye muziki ambao kuandikiwa ni siri.

Nenda Pwani uone mambo mengine. Kwenye taarab ya Mombasa na Unguja, kuna anayetunga mashairi, kuna anayeyatilia muziki, na kuna anayeimba. Mombasa, Ahmad Nassir alikuwa akiandika mashairi, na binamu yake Juma Bhalo akiyaimba. Watu wanaopenda taarab wanayajua majina yote mawili, na hakuna aliyewahi kumwambia Ahmad Nassir kwamba hajafanikiwa kwa sababu hakushika maikrofoni. Siku ndugu zako wakianza tena, watajie hao wawili.

Sasa swali lenyewe. Unaniuliza kama umefanikiwa, kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kinakwenda njia yake: wimbo unaweza kufanikiwa, jina linaweza kufanikiwa, na mfuko unaweza kufanikiwa. Mara nyingi havifiki pamoja.

Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule ya misheni aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo, wanafunzi wake wakauimba. Alifariki mwaka 1905, bado kijana. Wimbo ukaingia makanisani, ukaimbwa kwenye mikutano ya watu waliodai haki zao, ukavuka mipaka, na melodi yake ndiyo tunayoisimamia kila unapoimbwa "Mungu ibariki Afrika". Nchi kadhaa zimeufanya wimbo wa taifa. Kaburi la mwalimu yule lilikuwa limepotea, na heshima ya kitaifa kwa kaburi hilo ilikuja mwaka 1996. Wimbo ulifanikiwa kuliko tunavyoweza kupima, na jina likachelewa karibu karne nzima.

Mfano wa pili unaumiza zaidi, na ningependa kila mtunzi aujue kabla hajasaini chochote. Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka 1939, Johannesburg, kwenye kampuni ya santuri ambako alikuwa akifanya kazi ya kufungasha. Alipewa shilingi 10, haki za wimbo zikabaki kwa kampuni. Wimbo ukafika Marekani, ukapewa maneno ya Kiingereza, kundi la The Tokens likaufikisha namba moja mwaka 1961, na mwaka 1994 ukasikika kwenye filamu ya The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walilazimika kwenda mahakamani, na makubaliano ya malipo yakapatikana mwaka 2006. Shilingi 50,000 zako na shilingi 10 za Linda ni mambo ya aina moja. Sisemi wimbo wako utafika Marekani. Nasema siku unapoutoa hujui utafika wapi, na Linda naye hakujua.

Kwa hiyo usijiulize tu "nimefanikiwa?" Jiulize unataka kipi kwanza kati ya hivyo vitatu, na ujijibu ukweli. Kama unataka fedha, sema fedha. Nimeona watunzi wengi wanaosema "mimi naandika kwa mapenzi tu", halafu wanakaa na kinyongo miaka kwa sababu hawakulipwa. Kutaka kulipwa kwa kazi yako hakukupunguzii usanii hata chembe. Ila ukichagua fedha, njia inabadilika: utaandika kwa wingi na kwa tarehe za watu, utaandika matangazo ya biashara na nyimbo za kampeni za afya, utakwenda Dar es Salaam mara kwa mara kukaa studio na watu wanaorekodi kila siku, na utakubali nyimbo nyingi zitupwe. Ni kazi halali na ngumu. Kwa barua yako, sioni kama hiyo ndiyo kiu yako kubwa. Fedha umezitaja kwa kupita tu, lakini kutotajwa jina na maneno ya ndugu umeyaandika kwa uchungu. Mimi nadhani unachotaka kwanza ni nyimbo zako ziimbwe na ijulikane ni zako. Kama nimekosea, badilisha mpangilio. Ushauri unaofuata bado utakufaa.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijiwekee kipimo kimoja cha maisha yote. Weka kipimo cha kila wimbo, na ukiandike kabla wimbo haujatoka mkononi mwako. Chukua daftari, na chini ya kila wimbo andika mstari mmoja: huu ni wa nani na nataka ufanye nini. Wimbo wa harusi wa rafiki yako umefanikiwa bibi harusi akilia na wageni wakiitikia. Hauna haja ya redio. Wimbo wa kubembeleza mtoto umefanikiwa mtoto akilala. Wimbo wa Pasaka umefanikiwa waumini wakishika kiitikio bila karatasi. Wimbo wa mapenzi uliompa kijana umefanikiwa redio zikiupiga na watu wakiuomba tena, na wako ulifika hapo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, wa Pate, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake. Msikilizaji mmoja. Leo unasomwa vyuo vikuu, lakini hata kama usingetoka nje ya nyumba ile ungekuwa umetimiza alichokusudia mama yule.

Ukifanya hivyo kwa mwaka mmoja utaona jambo ambalo huwezi kuliona sasa: ni wapi nyimbo zako zinafika na wapi zinakwama. Hapo ndipo penye mafunzo. Na hapo pia nikuonye. Wako watunzi wanaojiwekea kipimo cha chini makusudi ili wasiumie. Anasema "mafanikio yangu ni amani ya moyo", na kumbe ni njia ya kukwepa kumsikilizisha mtu yeyote. Kipimo chako lazima kiwe cha aina ambayo unaweza kushindwa. Kama hakuna namna wimbo unavyoweza kushindwa mbele ya hicho kipimo, hicho hakikupimi.

Una bahati ya kuwa na kwaya, maana kwaya ni msikilizaji mkweli. Jumapili moja nenda parokia wasikokujua, siku wanayoimba wimbo wako, ukae nyuma. Usisikilize kama wanaimba vizuri. Sikiliza walipobadilisha. Sauti ya kwanza wakishusha noti ileile kila mara, uliiandika juu mno kwa watu wanaofanya mazoezi jioni wametoka kazini. Wakiruka ubeti wa tatu, ubeti wa tatu ulikuwa wa kujazia. Waumini wakiitikia nusu ya kiitikio na kunyamaza nusu ya pili, nusu ya pili ina maneno mengi kuliko pumzi. Nimewahi kusimama na mwanafunzi wangu nyuma ya kanisa tukiweka alama kwa penseli kwenye nota zake kila kwaya ilipokwenda kinyume na alichoandika. Alipoandika upya, karibu kila mara kwaya ndiyo iliyokuwa na haki.

Hapohapo tazama pia kama mkazo wa maneno umekaa. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta noti ndefu kwenye silabi ya mwisho ya "mama", msikilizaji anasikia kitu ambacho hakuna Mswahili anayekisema. Watunzi wa biti wanalikosa hili kila siku, kwa sababu biti inakuja kwanza na maneno yanabanwa baadaye. Imba wimbo wako bila ala yoyote, mbele ya mtu ambaye hajawahi kuusikia, halafu mwombe akueleze unasema nini. Akishindwa kukueleza, rudi mezani.

Kuhusu maneno yenyewe, hiki ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, na kiko ndani ya uwezo wako kabisa. Tazama mistari hii miwili ya kiitikio cha wimbo wa kuachwa:

*Moyo wangu waumia, kila siku nakuwaza.*

*Sufuria ya wawili, napikia mmoja tu.*

Yote ina mizani nane kwa nane, yote inaimbika. Wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mtu yeyote. Wa pili umetoka jikoni kwa mtu fulani. Haujataja moyo wala machozi, lakini unaona mtu amesimama na sufuria ambayo imekuwa kubwa mno. Pitia nyimbo zako za miaka mitano iliyopita na uhesabu mistari ya aina ya pili. Kama inaongezeka mwaka hadi mwaka, unakua, hata kama hakuna redio iliyokupiga. Kama imebaki palepale, basi hata redio ikikupiga kila saa una kazi ya kufanya. Naona mafanikio haya ni makubwa kuliko watu wanavyoyahesabu, kwa sababu hayategemei promota, wala prodyuza, wala ndugu.

Sasa jina. Wako watakaokuambia mtunzi mnyenyekevu hajali kutajwa. Mimi sikubaliani nao. Washairi wetu wa zamani waliokuwa wacha Mungu kweli walikuwa wakijitaja na kutaja mji wao katika beti za mwisho, wengine wakataja hata mwaka na hesabu ya beti, ili kesho mtu asije akabishana. Wimbo wa Malaika unajulikana duniani kote, na bado watu wanabishana kama mwenyewe ni Fadhili William aliyeurekodi au Adam Salim. Ubishi wa namna hiyo unazuiwa mapema, wakati wimbo bado uko kwako.

Kwenye nota za kwaya jina la mtunzi hukaa juu kulia, na nota zetu husafiri kwa fotokopi na kwa picha za simu. Kingo za juu ndizo zinazokatwa kwanza. Baada ya kopi chache wimbo hauna mwenyewe, na kwaya inayofuata inaandika "haijulikani" kwa nia njema kabisa. Andika jina lako kamili, mji na mwaka chini ya kila ukurasa, karibu kabisa na mstari wa mwisho wa noti, mahali ambapo mtu hawezi kukata bila kukata wimbo. Sambaza mwenyewe nakala safi, ili iwe rahisi kupata yako kuliko kupiga picha ya mwenzake.

Kisheria, hakimiliki ni yako tangu ulipoutunga na kuuandika au kuurekodi. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, hauhitaji usajili ili haki iwepo, na unataka ulinzi usipungue miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Hata hivyo sajili nyimbo zako COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa sababu ukibishaniwa utahitaji ushahidi, na cheti chenye tarehe kinaongea kuliko machozi. Tunza pia rekodi za simu za siku ulipokuwa unatafuta melodi, zile zenye kuku wanaowika na mlango unaogongwa. Usizifute. Zina tarehe, na zinaonyesha wimbo ukizaliwa.

Kuhusu kazi yako ya duka la dawa, umeitaja kana kwamba ni ushahidi dhidi yako. Sontonga alikuwa mwalimu. Linda alifungasha santuri. Mshahara wa duka unakupa uhuru ambao watunzi wengi wa mjini hawana: unaweza kukataa. Usiuache kwa sababu ya nyimbo kumi za prodyuza mmoja.

Na ndugu zako, sidhani utawashawishi kwa maneno. Mpe mmoja wao nota zenye jina lako, umpeleke kanisani siku kwaya inapoimba. Asipoguswa, hapo tena si juu yako.

Tumfikie prodyuza. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na haki ya ile rekodi. Rekodi ni yake au ya atakayeigharamia. Utunzi ni wako, na ukishirikiana na mtu kwenye melodi mnagawana. Anaposema atalipa kwa mkupuo, muulize ananunua nini: kazi yako ya kuandika, au wimbo wenyewe daima? Mara nyingi yeye mwenyewe hajafikiria. Usimpe kumi. Mpe mbili kwanza, na karatasi moja kwa kila wimbo yenye jina la wimbo, nani kaandika maneno, nani katunga melodi, asilimia ya kila mmoja, tarehe na saini zenu wote. Iandikwe kwamba malipo ni ya kazi, na haki ya utunzi inabaki kwako. Iandikwe pia kwamba wimbo ukipandishwa kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni kama Boomplay na Spotify, kwenye sehemu ya mtunzi litawekwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Sehemu hiyo ipo kwenye fomu ya kupandishia wimbo, na mara nyingi hujazwa jina la msanii kwa haraka tu.

Akikataa kabisa na kutaka kununua moja kwa moja, si dhambi kuuza, ilimradi ujue unauza. Basi bei iwe ya kuuza, chagua zile ambazo hutaumia ukizisikia kwa jina la mwingine, na ule wenye mstari wako bora ubaki daftarini.

Mwisho, yule kijana wa redio. Usimfuate kwa hasira. Mwambie hutaki kumwondolea sifa ya kuimba, unataka sehemu ya mtunzi irekebishwe, na kampuni iliyompandishia wimbo inaweza kubadilisha taarifa hizo akiiomba. Nenda na zile rekodi zako za simu, umsikilizishe. Halafu muulize kama anataka wimbo wa pili, safari hii kwa karatasi.